UZI: Mnaowaambia form six wakasome digrii ya kemia, wawekeeni na hesabu mezani

Wakuu,

Kila mwaka matokeo ya form six yakitoka wimbo ni ule ule: sayansi ina ajira. Mtoto wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia) aliyekosa udaktari na ufamasia anasukumiwa BSc Chemistry, mzazi anashangilia, na hakuna anayekaa naye na kalamu wampigie mahesabu. Huo ni uonevu.

Tuanze na pesa. Chukua ada ya milioni 1.3 kwa mwaka, ongeza bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) la 10,000 kwa siku (tangu 2022, kabla ya hapo ilikuwa 8,500) kwa siku 240. Ni milioni 3.7 kwa mwaka, milioni 11.1 kwa miaka mitatu. Field, vitabu na koti la maabara havimo. Kama Bodi ya Mikopo imelipa vyote hivyo, hilo ndilo deni la msingi analotoka nalo chuo.

Sasa tuseme kapata kazi ya maabara kiwandani, mshahara wa msingi 700,000. Hifadhi ya jamii 10%, zimeondoka 70,000. Kwenye 630,000 iliyobaki, PAYE (kodi ya mshahara) haigusi 270,000 ya kwanza. 250,000 inayofuata inakatwa 8%, yaani 20,000. 110,000 ya juu inakatwa 20%, yaani 22,000. Bodi inachukua 15% ya mshahara wa msingi, 105,000. Mkononi zinabaki 483,000. Kodi ya chumba, nauli na chakula vitoke humo, na nyumbani wanasubiri. Kwa makato hayo deni linaisha baada ya miezi 106, karibu miaka tisa.

Kufutwa kwa tozo ya 6% ya kulinda thamani ya mkopo mwaka 2021 kulikuwa haki, na waliopigania wapewe heshima yao. Kwa deni hili hili, 6% ni 666,000 kwa mwaka, wakati mtu analipa 1,260,000. Mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ilikuwa inaliwa na tozo. Lakini makato ya 15% ya tangu 2016 bado yapo, na kabla ya hapo ilikuwa 8%.

Hasira kubwa zaidi ni milango ambayo mtoto anadhani iko wazi. BSc Chemistry tupu haimpi ualimu serikalini. Inabidi aongeze PGDE (stashahada ya uzamili ya ualimu), mwaka mwingine na ada nyingine. Aliyesoma BSc with Education anaingia kwenye usaili moja kwa moja. Maabara ya hospitali nayo haimpokei, kwa sababu kule wanataka aliyesoma sayansi ya maabara za afya na kusajiliwa na baraza lake. Haya yanajulikana vyuoni. Kwa nini mtoto ayajue akiwa na cheti mkononi?

Inabaki migodi, viwanda vya dawa, vinywaji na saruji, maji, na maabara za udhibiti. Huko wanataka mikono. Chukua maabara ya dhahabu ya mgodini. Sampuli ya gramu 30 au 50 inachanganywa na oksidi ya risasi (lead), magadi, boraksi, silika na unga wa ngano, kisha inaingia tanuru la nyuzi kama 1,050 hadi 1,100. Unga ule ndio unaogeuza oksidi kuwa risasi ya kukusanya dhahabu. Ukiweka kidogo, kibonge cha risasi kinatoka kidogo na dhahabu inabaki kwenye taka. Na kama mwamba una salfaidi (madini yenye salfa) nyingi, zenyewe zinafanya kazi ya unga, kwa hiyo unapunguza unga au unaweka chumvi ya naitreti. Usipofanya hivyo kibonge kinakuwa kikubwa mno na majibu yanaharibika. Ni mambo ya wiki mbili za mazoezi, lakini mtu anamaliza miaka mitatu hajawahi kushika krusibo, chungu cha kuyeyushia sampuli.

HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali zilizo kwenye kimiminika, ni hivyo hivyo. Darasa zima linasimama nyuma ya mtaalamu mmoja, wanaona grafu, wanaandika ripoti. Kisha kazini, jioni, anazima mashine bafa ya fosfeti (maji yenye chumvi) ikiwa ndani ya kolamu, mrija wa kutenganishia. Au anaruka moja kwa moja kwenye kiyeyushi cha asetonitraili nyingi, chumvi inaganda, presha inapanda na kolamu imekufa. Alitakiwa kuisafisha kwanza kwa maji yenye methanoli 10% hivi, ndipo apandishe. Anaambiwa hajui kazi, wakati hakufundishwa! Ada ya maabara ililipwa.

Wazazi na wadogo zetu, kabla ya kuthibitisha udahili nendeni mkaulize idarani: kila mwanafunzi ataendesha HPLC na AAS (mashine ya kupima metali) mwenyewe mara ngapi? Mashine ngapi zinafanya kazi leo? Field ni wiki ngapi, na chuo kinamtafutia nafasi au ajitafutie? Je, atafundishwa ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara, ambacho matangazo mengi ya kazi za maabara yanakitaja? Mkijibiwa "utaona ukifika", bado mna muda wa kubadilisha kozi kabla dirisha halijafungwa.

Walimu wa vyuo mliomo humu, wekeni majibu hapa chini, kozi kwa kozi.