Ripoti ya zamu kitandani: muda, ndugu wa wagonjwa, na siri

SistaWaWodi: Wakuu, habari za kazi. Wodi ya wanawake, vitanda 28, usiku wauguzi wawili. Inchaji (muuguzi mkuu wa wodi) kaagiza ripoti ya kukabidhiana zamu, ya saa moja na nusu asubuhi, itolewe kitanda kwa kitanda, si mezani tena. Tunamaliza karibu saa tatu, na ndugu nao ndiyo wanaingia na chupa za uji. Wagonjwa wananung'unika kwamba tunawasema huku wanasikia. Kwenu mnaendeshaje?

MkungaWaZamani: Pole na kazi. Muda unaliwa na kusoma faili zima kitandani. Ya jumla yamalizeni mezani kwa dakika tano: idadi, waliolazwa, wanaokwenda upasuaji, na vichupa vya mofini na pethidini (dawa kali za maumivu) vihesabiwe na wawili, saini mbili. Kisha nendeni vitandani. Mahututi na waliotoka upasuaji, tuseme 6, dakika 3 kila mmoja; 22 waliobaki nusu dakika. Hiyo ni dakika 29. Na msifuate namba za vitanda, anzeni na mahututi. Namba 1 anaweza kuwa anasubiri ruhusa tu, mkatumia kwake dakika za namba 17 aliye mahututi.

Dripu_na_Chati: Naongezea. Kitandani ni pa macho na mikono. Ukiambiwa "dripu inaendelea", tazama chupa. Lita 1 ya kwenda saa 8, kwa seti ya matone 20 kwa ml, ni matone 42 kwa dakika. Kama ilianza saa nne usiku, saa kumi na mbili asubuhi iwe imekwisha. Ukikuta zimebaki ml 300, usiifungulie ikimbie ili kufidia. Tazama kanula (kimrija kilicho mshipani) kwanza: mkono umevimba? Unauma? Au mgonjwa kalalia mrija?

Mfuko wa mkojo ndiyo unaopotosha zaidi. Una ml 400, lakini ni za saa ngapi? Pimeni pamoja, andikeni, mwageni, zamu mpya ianze na sifuri. Kwa mama wa kifafa cha mimba aliye kwenye magnesiamu (dawa ya kuzuia degedege) hilo halina mjadala: kabla ya kila dozi, mkojo usiwe chini ya ml 30 kwa saa, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, na goti liruke ukiligonga. Kimoja kikikosekana, dozi inasubiri na daktari anaitwa. Kalsiamu glukoneti, gramu 1, ya kuokoa magnesiamu ikizidi mwilini, ikae pale pale wodini, siyo kwenye kabati ambalo ufunguo umeondoka na mtu wa usiku!

Mlezi_wa_Mgonjwa: Niseme kwa upande wa aliyelala. Pazia halizuii sauti. VVU, mimba iliyotoka, kifua kikuu: hayo yabaki mezani, na kitandani muuguzi aonyeshe kwa kidole kwenye faili. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya 2008 inalinda siri ya majibu hata pale wodi imejaa. Na msijifiche nyuma ya vifupisho. Ukisema "huyu wa CTC" (kliniki ya wenye VVU), wodi nzima imeelewa.

Wala msiseme "namba 9, fracture, hajapata choo" huku mmempa mgongo. "Bibi, shikamoo. Mimi natoka, sista huyu ndiye atakuwa nawe mpaka jioni." Sekunde tano hizo. Kisha msimuulize "una swali?" kwa sababu atajibu "hapana sista", ndiyo adabu yetu. Muulizeni: sindano usiku umechomwa mara ngapi? Kuna dawa ndugu wameambiwa wakanunue? Hapo ndipo mtagundua kwamba chati ina nafasi tupu kwa sababu dawa haikuwepo stoo, si kwa sababu ilisahaulika.

Ndugu wasubiri nje hiyo nusu saa, tangazo libandikwe mlangoni. Kwa mlezi wa mgonjwa asiyejiweza, mgonjwa mwenyewe aulizwe kwanza kama abaki.

SistaWaWodi: Asanteni sana. Na ripoti ya saa mbili usiku, wengine wameshalala?

Dripu_na_Chati: Msiwaamshe wote. Tazameni pumzi, dripu, bandeji kama imelowa damu. Ingizeni mkono chini ya aliyejifungua leo, maana damu huenda mgongoni na shuka la juu likabaki safi. Ila aliyeumia kichwa aamshwe, hata akikasirika. Mpimeni pamoja kwa kipimo cha Glasgow (alama za kiwango cha fahamu), anayetoka na anayeingia. Mmoja akihesabu 13 na mwenzake 11 mkiwa wote mmesimama pale, mnasahihishana. Mkisubiri mpaka saa sita usiku, aliyebaki peke yake hatajua kama mgonjwa ameshuka au mlihesabu tofauti tangu mwanzo.