Re: Barua za rekomendesheni hazionekani kwenye potali, dedilaini Ijumaa

Binti wa Ujiji
Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Naombeni msaada jamani. Nafanya transfa huku Marekani kutoka komyuniti koleji (chuo cha miaka miwili) kwenda chuo cha miaka minne, fomu nimesabmiti, ada nimelipa, transkripti imefika, ila barua zote mbili potali inasema hazijapokelewa. Profesa wa kemia anasema alituma. Mwalimu wangu wa form six kule Kigoma naye kanirushia skrinshoti WhatsApp, naona kabisa imeenda. Nimepiga udahili wakaniwekea muziki weee, mwisho kijana mmoja akasema subiri tu. Nisubiri mpaka lini na dedilaini Ijumaa? Kuna aliyepitia hii?

Kaka wa Kasulu
Marahaba mdogo wangu, pole. Angalia majina kwanza. Sisi tuna matatu, lako, la baba, la babu, pasi inasema hivi, cheti cha NECTA, Baraza la Mitihani, kinasema vile, na ticha anakuandika anavyokujua yeye. Mimi walinifungulia faili la pili kwa jina la baba, ikawa mimi nina fomu bila barua na mzee ana barua bila fomu, yaani marehemu baba yangu aliyeishia darasa la saba anaombewa nafasi ya uhandisi Ohio!! Mwambie ticha atume tena, juu kabisa aweke namba yako ya mwombaji na tarehe ya kuzaliwa.

Mnyamwezi Halisi
Mwangaluka. Kasulu, huyu kasema ZOTE MBILI, profesa wa hapahapa naye kakosea jina? Hiyo ni FERPA, sheria ya Marekani ya rekodi za wanafunzi. Kama hukutiki pale pa kuachia haki ya kusoma barua basi zimezuiwa.

Dada wa Urambo
Kaka unamtisha mtoto bure. FERPA ni sheria ya 1974 ya kukupa haki ya kuona rekodi zako, kuachia au kutoachia ni hiari yako, haizuii barua kupokelewa. Nyie mliokuja zamani mliomba kwa bahasha na stempu. Siku hizi Common App, ile potali ya kuombea vyuo vingi kwa pamoja, inamtumia mwalimu linki, sasa ticha badala ya kuifungua anajibu ileile imeili na kuambatanisha barua, simu inamwambia imeenda, na kweli imeenda, ila kwenye anuani ambayo hakuna mtu anayeisoma. Na vyuo vingine hata havitaki barua, vyuo vya UC (University of California) kwa kawaida hawaombi.

Mnyamwezi Halisi
Kwani kasema anaomba California?

Mzee wa Mwanga
Wanangu mnabishana barua, cha kuangalia ni SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Kama uko F-1, yaani viza ya mwanafunzi, hata ukipata admisheni, DSO wako (afisa wa wanafunzi wa kigeni hapo chuoni) asipoachia rekodi chuo kipya hakitoi I-20, ile fomu ya mwanafunzi wa kigeni, na masomo lazima yaanze ndani ya miezi mitano. Sisi barua aliandika mkuu wa shule kwa mkono, ikapanda treni Kigoma mpaka Dar, njiani mafuriko yamekata reli, na ikafika. Reli yenyewe ileile ya Mjerumani iliyofika Kigoma 1914, uhuru tumepata, marais tumebadilisha, bado tunapanda hiyohiyo.

Mnyamwezi Halisi
Mzee shikamoo, ila tuwe wakweli, mkataba wa SGR Tabora–Kigoma ulisainiwa 2022. Kinachotuumiza ni uraia pacha, tunatuma hela kila mwezi, tukirudi na pasi ya huku tunaitwa wageni kwa mama zetu.

Kaka wa Kasulu
Kusaini na kupanda ni vitu viwili. Ukishapanda utuambie.

Binti wa Ujiji
Samahani wakubwa. Ticha anasema alifungua linki, hakujibu imeili. Na profesa yuko likizo hapokei simu. Nikiwaomba nakala nikazituma mwenyewe zitakubaliwa??

Dada wa Urambo
Mnaona sasa mnavyomchanganya, uraia pacha umeingiaje hapa.

Mnyamwezi Halisi
Umeingia kwa sababu tungekuwa nao asingehangaika na ada za mgeni.

Dada wa Urambo
Hata hujui kama ni F-1 au ana green card!! Hakusema.

Mzee wa Mwanga
Marahaba wote. Halafu kuna anayetoka Kigoma mwezi huu? Mama yenu anataka dagaa, wa hapa dukani wana mchanga na wananuka ghala. Na migebuka mikavu kama ataipata pale sokoni. Wanaruhusu uwanjani?

Kaka wa Kasulu
Mzee samaki mkavu wa kula nyumbani anapita, adiklea tu kwenye fomu ya forodha asifiche. Nyama ndiyo asijaribu. Shemeji yangu anapanda ndege wiki ijayo, nitakupigia jioni tupange kilo.