Mtindi wa mbuzi umegoma kuganda mara tatu, naomba msaada kabla ya Jumamosi

Banda la Uani
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi. Nafuga mbuzi wawili wa maziwa, kuku na bata wachache, na nyuma ya nyumba nina bustani ya mboga. Chakula chetu kingi kinatoka hapahapa nyumbani, na mtindi ndio unaonipatia hela ya chumvi na sabuni. Nyumba tano za jirani huchukua kwangu kila wiki.

Sasa tangu Jumapili ya wiki iliyopita mtindi umegoma. Nachemsha maziwa, napoza, natia vijiko viwili vya mtindi wa zamani kama mbegu, nafunika na blanketi. Asubuhi nakuta maziwa majimaji, matamu vilevile nilivyoyaacha. Mara tatu sasa. Nimebadilisha sufuria, nimeomba mbegu kwa mtu mwingine, nimeunguza vyombo vyote kwa maji ya moto. Jumamosi nimeahidi kupeleka lita sita kwenye shughuli ya jirani na leo ni Alhamisi. Nimefikiria nikamulie limau yagande haraka. Limau ngapi kwa lita moja? Nisaidieni jamani.

Kijiko Kikubwa
Unatia mbegu maziwa yakiwa bado ya moto, unaiua. Subiri yashuke hadi nyuzi 40 hivi, zisizidi 45. Kama huna kipimajoto, chovya kidole kisafi: ukiweza kuhesabu mpaka kumi bila kukitoa, tia. Mimi niliua mbegu karibu mwezi mzima nikamsingizia mke wangu kwamba haoshi sufuria.

Mzee wa Malisho
Mtindi wa mbuzi huwa laini kuliko wa ng'ombe, ndiyo asili yake. Protini inayoshikamanisha maziwa haimo kwa wingi kama kwenye ya ng'ombe. Usitegemee ukatike kwa kijiko. Uchuje kwenye kitambaa safi, utakuwa mzito.

Banda la Uani
Asanteni, lakini joto nalijua, hii kazi nina mwaka wa nne. Na si ulaini, Mzee wangu. Hata uchachu hauji. Ukionja ni maziwa tu. Hilo la limau hakuna anayejua?

Jogoo la Mtaa
Umenikumbusha kuku wangu. Walianza mmoja kuzubaa, wa pili akapinda shingo, nikasema ni baridi. Kumbe kideri, ndio huohuo mdondo. Chanjo yenyewe ni tone moja la jicho, nilikuwa naahirisha kila wiki, na mdondo ukishaingia bandani hauna tiba. Nilibaki na matetea wawili kati ya thelathini na moja. Siku hizi nimeweka alama kwenye kalenda, kila miezi mitatu nachanja, hata mvua ikinyesha. Pole sana dada, mifugo inaumiza roho.

Mkamuaji
Limau litakupa kitu cha kutengenezea jibini, si mtindi. Kabla ya hapo nijibu hili: kuna mbuzi aliyeumwa karibuni?

Banda la Uani
Wote wazima, wanakula vizuri, na maziwa hayajapungua sana.

Mkamuaji
Sikuuliza kama ni wazima leo. Nimeuliza kama kuna aliyetibiwa. Mtindi unafanywa na vijidudu hai. Dawa ya kuua vijidudu ikiwemo kwenye maziwa, haichagui, itaua na wale wa kwako. Maziwa yakikataa hata kuchacha, vyombo safi, joto sawa, mbegu mpya, mimi naanzia kwa mbuzi.

Kijiko Kikubwa
Kweli, swali zuri hilo. Mleta uzi jibu.

Banda la Uani
Sawa. Yule mweupe alivimba kiwele upande wa kushoto, kikawa kigumu na cha moto, maziwa yakatoka na mabonge. Jumanne hii mtaalamu wa mifugo alimchoma sindano. Sikutaja kwa sababu sikuona uhusiano, upande huo simkamulii sufuriani, nakamua wa kulia tu. Halafu nachanganya na ya mwenzake, kwa hiyo kama dawa ipo ni kidogo mno. Na nachemsha mpaka yapande mara mbili. Nyie mnaona rahisi, lakini nikiwaambia watu wiki moja sina, wiki inayofuata wameshapata pengine. Hiyo hela ndiyo inayonunua pumba za hawa mbuzi.

Mkamuaji
Dada, nakuelewa, nami nakula kwa mbuzi. Lakini sikiliza. Sindano inaingia kwenye damu, na damu inalisha kiwele chote, kulia na kushoto. Kuchemsha kunaua vijidudu, dawa inabaki. Na hicho kidogo unachosema kimetosha kuzuia sufuria nzima isigande. Kuna watu miili yao haiipokei kabisa penisilini, kwao kidogo si kidogo. Limau linagandisha kwa ukali wake tu, dawa iwepo isiwepo. Maziwa yamekwambia yana kitu, wewe unataka kuyaziba mdomo.

Mama Kunde
Mtu anayenunua chakula kwako amekukabidhi matumbo ya watoto wake. Pumba utapata. Ningekuwa mimi ningeshamwaga zamani.

Mzee wa Malisho
Kumwaga si jambo dogo, Mama Kunde, usiseme kirahisi. Nimemwaga ndoo ya asubuhi na ya jioni siku nne mfululizo, mikono ilikuwa mizito. Lakini nilimwaga.

Hesabu za Shamba
Wakuu, mnapigwa chai hapa, tena ya tangawizi. Rudini juu msome. Mtindi umegoma tangu Jumapili ya wiki iliyopita. Sindano imechomwa Jumanne ya wiki hii. Dawa gani inazuia maziwa kuganda siku tisa kabla haijachomwa? Huyu hana mbuzi, ana bando.

Jogoo la Mtaa
Duh, hata mimi sikuona hilo. Na nilishatoa siri za banda langu!

Kijiko Kikubwa
Nimehesabu pia, tarehe hazikubali. Mleta uzi uko wapi? Weka picha ya mbuzi.

Mama Kunde
Watu wanatunga mpaka mbuzi.

Mkamuaji
Au tarehe zinatuambia kitu ambacho yeye hajasema. Dada, kabla ya Jumanne ulimpa nini?

Banda la Uani *(Ijumaa, asubuhi)*
Sijatunga. Nilizima simu nikalala, na sikupata usingizi. Ijumaa ya kabla ya ile Jumapili nilimwekea dawa mwenyewe. Zamani nilikuwa na ng'ombe, nikabakiwa na tyubu moja, ile ya kuingiza kwenye chuchu. Nilipoona kiwele kimeanza kuvimba nikasema nisisubiri, nikaisukuma yote. Haikusaidia, ndiyo maana nikaita mtaalamu. Naye sikumwambia, niliona aibu. Hayo ndiyo yote.

Mkamuaji
Asante kwa kusema. Tyubu za ng'ombe ni za aina mbili. Ipo ya ng'ombe anayekamuliwa, ambayo maziwa unayaacha siku chache kama ilivyoandikwa. Na ipo ya kumkausha, yaani ya ng'ombe anayepumzishwa kukamuliwa, ambayo imetengenezwa ibaki ndani ya kiwele kwa wiki kadhaa. Kama ganda bado unalo, kalisome.

Banda la Uani
Nimelitoa kwenye kopo la misumari. Imeandikwa ya kukausha.

Mzee wa Malisho
Lo.

Mkamuaji
Basi usihesabu siku tangu sindano ya Jumanne. Mpigie mtaalamu leo hii, mtajie tyubu yenyewe kwa jina lake na tarehe uliyoiweka, yeye ndiye akupe idadi ya siku. Mbuzi si ng'ombe, kilichoandikwa kwenye ganda hakimtoshi. Na leo jioni kamua kila mmoja na chombo chake, usichanganye. Mweupe awe wa mwisho, kisha osha mikono.

Hesabu za Shamba
Nafuta neno langu la chai. Samahani dada. Ila hesabu zangu zilikuwa sahihi.

Banda la Uani *(Jumamosi)*
Nimerudi. Jana usiku niliweka bakuli mbili, mbegu moja, blanketi moja. Ya yule mweusi imeganda, nikiiinamisha haimwagiki. Ya mweupe ni maji. Nilikaa naziangalia kwa muda mrefu.

Mtaalamu amenigombeza, kisha akasema nisitumie maziwa ya mweupe mpaka arudi kumpima, na si wiki hii wala ijayo. Mwenye shughuli nimempelekea lita moja na nusu ya mweusi, nikamwambia kwa nini si sita. Nyumba tano nimezipitia nne. Wawili walinishukuru, mmoja alinyamaza, mmoja alisema hataki tena. Ya tano ina mtoto mdogo, nimefika mlangoni mara mbili nikarudi. Naenda tena jioni hii.

Swali langu sasa ni moja. Haya ya mweupe lazima nimkamue, kiwele kisije kikajaa tena. Naweza kuwapa kuku?

Mkamuaji
Hapana, kuku wako wanataga na mayai mnakula. Chimba shimo mbali na kisima, mwaga, fukia. Na nyumba ya tano nenda sasa hivi, usingoje jioni.

Banda la Uani
Navaa viatu.