Nimeuziwa pedi feki za kuchezea gemu kwenye PS4 mjini Mwanza, naambiwa "haki miliki ni mambo ya Wajapani"

Wakuu, nina kibanda cha gemu huku Mabatini. PS4 mbili, mechi moja shilingi mia tano. Wiki tatu zilizopita nilinunua pedi nne kwenye duka moja mjini, elfu 85 kila moja. Boksi limefungwa vizuri, nembo ya Sony, Wajapani wanaotengeneza PS4, inang'aa, muuzaji anaapia mpaka watoto wake kwamba ni orijino.

Siku ya tisa stiki ya kushoto ikaanza kujiendea. Beki anatoka uwanjani mwenyewe, dogo analia arudishiwe mia tano yake, mwenzake anang'ang'ania goli ni goli! Ile sehemu ya kugusa katikati kumbe ni kitufe tu, ukipapasa hakuna kitu.

Nikarudi dukani. Jamaa hata hakukana. "Bro, haki miliki ni mambo ya Wajapani, wewe inakuhusu nini?"

Inanihusu kwa laki tatu na elfu arobaini! Pedi ya bei chee sina ugomvi nayo. Ningeuziwa ya elfu 30 yenye jina lake lenyewe, ikifa mwezi ujao nanyamaza, nilijua nanunua nini. Aliyeitengeneza bila kibali cha Sony wamalizane wao. Lakini aliyebandika nembo ya mwenzake akanipiga bei ya orijino, huyo kaniibia mimi.

Na asije mtu kusema natetea makampuni. Sony hao hao walishtakiwa na kampuni ya Immersion ya Marekani mwaka 2002 kwa teknolojia ya mtetemo wa pedi, 2004 wakashindwa. PS3 ikatoka 2006 na pedi isiyotetemeka, eti sababu za kiufundi. Microsoft nao mwishoni mwa 2023 wakaanza kuzifungia pedi zisizo na kibali kwenye Xbox, mashine yao ya gemu. Binamu yangu wa Ilemela akaletewa kwenye skrini onyo lenye msimbo 0x82d60002, akapewa wiki mbili, pedi ikabaki pambo. Ya kwake wala haikuwa na nembo ya mtu.

Kesho nabeba maboksi yangu kwenda FCC, Tume ya Ushindani, maana bidhaa bandia ndiyo kazi yao. Kinachonitia wasiwasi ni risiti: kaandika "vifaa" tu. Kuna aliyewahi kwenda na risiti ya namna hiyo akasikilizwa? Na msinifuate inbox kuuliza jina la duka, silitaji.