Tupeane uzoefu: vipimo vya dawa na pombe kwa wenye malori Marekani

Mtoto wa Ngamiani

Wakuu, salaam. Hapa Columbus, Ohio, ukienda harusini au msibani hukosi kukutana na Mswahili aliyesajili kampuni ya malori. Maongezi ni yale yale: dizeli, matairi, madalali wa mizigo wanaokandamiza bei. Vipimo vya dawa na pombe havitajwi hadi siku barua ya ukaguzi inapoingia. Na itaingia tu, maana kampuni mpya hukaguliwa ndani ya miezi 12 ya kwanza, na usipokuwa na mpango wa vipimo umefeli hapo hapo, hata breki zako ziwe mpya.

Naomba tusimuliane yaliyotukuta au tuliyoshuhudia wenyewe, ya vijiweni tuyaache huko huko. Mimi natunza mafaili ya madereva kwenye kampuni ya shemeji yangu. Wanaoanguka kwa sababu ya bangi wapo, sikatai. Ila niliowaona mimi, wengi wameangushwa na utaratibu: dereva hajavuta kitu, bosi hanywi hata bia, na bado kosa limeandikwa.

Nianze na la kwetu. Tulipata dereva, kijana wa Bujumbura, leseni yake safi. Mzigo unasubiri Indianapolis, dalali anapiga simu hadi kero. Shemeji akasema, "Si ameshatoa mkojo asubuhi? Aondoke, majibu yatamkuta njiani." Nikagoma. Sheria haitosheki na dereva kupimwa. Inataka kampuni iwe na majibu hasi mkononi kabla hajashika usukani. Tena jina lake liwe limeshatafutwa kwenye Clearinghouse, lile daftari la serikali la madereva wenye makosa ya dawa na pombe, lililoanza Januari 2020, na utafutaji wa kina wa kabla ya ajira haufunguki mpaka yeye mwenyewe aingie kwenye akaunti yake aseme ndiyo. Kijana hakuwa hata na akaunti. Mzigo tukaukosa, shemeji akaninunia wiki nzima. Mkaguzi alipokuja aliweka karatasi mbili mbele yake, majibu ya maabara na kumbukumbu ya safari ya kwanza, akalinganisha tarehe bila kusema neno, akaendelea na mengine.

Karibuni.

Dada Kituoni

Asante kaka kwa uzi huu. Mimi niko Dallas na nimefanya kazi kwenye kituo cha kuchukulia vipimo, kwa hiyo nawaletea ya upande wa ndani wa dirisha.

Dereva akifika anatoa kila kitu mfukoni, ananawa mikono, anapewa kikombe. Maji ya choo tumeyatia rangi ya bluu. Mkojo usipungue mililita 45, na ndani ya dakika 4 nasoma joto lake: liwe kati ya sentigredi 32 na 38. Naugawa kwenye chupa mbili mbele ya macho yake, nazifunga kwa lakiri, anaweka herufi za jina lake. Hapo hakuna shida. Shida ni mkojo usipotoka.

Alikuja mzee mmoja, shemasi wa kanisa, mtu wa Kivu, ameitwa kwa bahati nasibu, yaani jina lilichaguliwa tu bila kushukiwa. Kikombe kikarudi na matone tu. Utaratibu unasema apewe maji, yasizidi kama lita 1.2, na akae hadi masaa 3 akijaribu tena. Akakaa saa moja hivi. Simu ikaita, mtoto anataka kuchukuliwa shule. Akasimama, akavaa kofia, akaniambia, "Binti, nitarudi kesho." Nikamwambia kwa Kiswahili, "Baba, ukipita mlango huu, kazini watahesabu umekataa kupimwa." Akatabasamu kana kwamba namtania. Akaondoka.

Mimi naandika kwenye fomu kwamba ameondoka. Mwajiri wake hana pa kukwepea, ni kukataa, na kukataa kuna uzito ule ule wa kukutwa na kokeini. Angemaliza masaa yake 3 bila mkojo, angepewa siku 5 za kumwona daktari atazame kama ana tatizo la mwili. Kibofu cha mtu wa miaka sitini na ushee! Daktari angeandika, yakaisha.

Kampuni yake ilikuwa na kijitabu cha sera na sahihi yake ipo. Kiingereza kitupu, kurasa nyingi. Mimi nasema mwenye kampuni anayemsainisha dereva kitu ambacho anajua hakisomi, huyo ndiye aliyemwachisha kazi.

Dereva Pekee

Dada umenena. Mimi ni Mkenya niko Minneapolis, kampuni ni mimi na lori langu moja. Wengi tunadhani mtu akijiajiri hakuna wa kumpima. Hapana. Ni lazima ujiunge na kundi la kampuni ndogo linaloendeshwa na wakala wa vipimo, na hilo kundi ulitaje kwenye akaunti yako ya Clearinghouse. Kompyuta ndiyo inayochagua majina. Kwa mwaka, vipimo vya dawa vifikie asilimia 50 ya madereva walio kwenye kundi, vya pombe asilimia 10. Hiyo 50 imekuwepo tangu 2020, kabla yake ilikuwa 25.

Sasa usinichekeshe na "mbona nimeitwa mwezi uliopita?" Jina lako likishatoka linarudishwa kwenye kapu. Mimi nimeitwa robo mbili zikifuatana, na jirani yangu wa kuegesha hajui hata mlango wa kliniki uko upande gani. Ukipigiwa simu, unaenda. Si baada ya chakula cha mchana.

Lakini nilitaka kusimulia jambo la jamaa yangu. Hapa Minnesota bangi ni halali kwa watu wazima tangu Agosti 2023, inauzwa dukani. Yeye havuti. Goti lilimsumbua, mtu akamwonyesha mafuta ya CBD, yanayotokana na jamii ya mmea wa bangi, chupa imeandikwa haina kilevi. Akawa anatia matone chini ya ulimi kila jioni. Kipimo kikasoma bangi. Akapeleka chupa kwa daktari mkaguzi wa majibu kama ushahidi. Daktari akamwambia kwa upole kwamba CBD haikubaliki kama sababu, na sheria ya jimbo haimhusu mwenye CDL, leseni ya malori makubwa. Idara ya usafirishaji ilishatoa tahadhari hiyo tangu Februari 2020. Mwenye duka hakuwa na wajibu wa kumwambia.

Kijana Mgeni

Samahani wakuu, na miraa je?

Dereva Pekee

Nilijua itaulizwa! Makundi wanayotafuta kwenye mkojo ni matano: bangi, kokeini, amfetamini, jamii ya afyuni, na PCP, dawa ya kulevya ya kutengenezwa. Miraa haimo. Ila usishangilie. Kathinoni iliyomo kwenye miraa mbichi iko kwenye jedwali la kwanza la dawa haramu Marekani, na kanuni zinamkataza dereva dawa za jedwali hilo ziwe zinatafutwa kwenye kikombe au la. Trooper, polisi wa jimbo, akikuta kifurushi kwenye kebini, hutapata hata nafasi ya kukojoa.

Mtu wa Bukavu

Bandugu, munisamehe Kiswahili yangu ya Bukavu. Niko Des Moines, niko nafanya kazi ya ofisi kwa kampuni ya mukubwa wangu, mimi ndiye jina langu limeandikwa kama mutu wa kampuni kwa mambo ya vipimo.

Tulikuwa na dereva moja, alitolewa jino, daktari akamupa hydrocodone, dawa ya maumivu, na karatasi yake yote iko. Haikuwa inatafutwa zamani, iliingizwa Januari 2018 pamoja na oxycodone. Kisha akaitwa kupima. Maabara ikaona dawa. Sasa pale, maabara haisemi neno ya mwisho. Kuna daktari mukaguzi, yeye lazima amupigie dereva kwanza, amuulize: uko na maelezo?

Akapiga. Namba ya jimbo ingine. Nani kati yetu anapokea namba asiyoijua? Tunafikiri ni wale ba kuuza bima. Akapiga tena na tena, hapana. Ndipo daktari akaniita mimi: mutafute, mumwambie anipigie. Tangu dakika nilipomwambia, dereva ana masaa 72. Asipopiga, daktari anaweza kufunga faili, inakuwa chanya, hata kama ana makaratasi ya dawa gunia nzima.

Niliacha yote, nikaenda mpaka kwake usiku. Bibi yake akasema amelala, nikasema mama, umwamshe. Asubuhi akapiga, famasia ikathibitisha, majibu yakatoka hasi. Tangu pale, kwetu kila dereva akitoka kupima, namwambia: juma hii pokea kila simu, hata ya bima.

Mzee wa Trela

Vijana hamjambo. Hilo la simu ni kweli tupu. Mimi nitasema la ajali, kwa kuwa hapo ndipo nimeona wenye kampuni wakichanganyikiwa zaidi.

Wengi wanadhani kila ajali ni kipimo. Sivyo. Mtu akifa, dereva wako apimwe, hakuna mjadala. Mtu akiumia hadi akachukuliwa kutibiwa kwingine, au gari likaharibika mpaka likavutwa, dereva wako anapimwa endapo yeye ndiye aliyeandikiwa kosa na polisi. Hakuandikiwa, hapimwi chini ya sheria ya serikali kuu.

Kijana wangu ana malori Harrisburg. Dereva wake aligongwa ubavuni kwenye barabara kuu ya I-80, gari dogo likavutwa, polisi wakamwandikia yule mwingine. Kijana kwa kiherehere akataka dereva akimbizwe kliniki na fomu ya serikali. Nikamzuia. Kupima kwa fomu hiyo pasipo sababu iliyomo kwenye kanuni nalo ni kosa. Ukitaka kupima kwa amri ya kampuni yako, iwe imeandikwa kwenye sera na utumie fomu nyingine kabisa.

Ya pili ilikuwa Nebraska, usiku, na hapo dereva aliandikiwa kosa na mtu alipelekwa hospitali. Kliniki zote zimefungwa. Kipimo cha pombe kinatakiwa ndani ya masaa 2. Yakipita, andika kwa nini. Yakifika 8, acha kutafuta na uandike tena kwa nini. Cha dawa kina hadi masaa 32. Tulimpata mpimaji anayetembea na vifaa vyake kwenye gari, akafika saa ya tano baada ya ajali. Karatasi yetu ya sababu ilikuwa na mistari minne: saa ya ajali, kliniki tulizopigia, nani alijibu, saa aliyofika mpimaji. Mkaguzi hakuuliza la ziada.

Ubungo Alfajiri

Nawasoma kutoka Dar. Sisi huku trafiki anakuja stendi alfajiri na kipima ulevi, unapuliza, basi linaondoka au linabaki. Mwenye basi yuko kwake amelala. Kwanini huko mzigo wote anabebeshwa mwajiri?

Mtoto wa Ngamiani

Mkuu, ni mambo ya treni. Januari 1987 huko Chase, Maryland, treni ya abiria iligongana na injini za mizigo, watu 16 wakafa, na mwendesha injini alikuwa amevuta bangi. Agosti 1991 treni ya chini ya ardhi ikaacha reli New York, 5 wakafa, dereva alikuwa amelewa. Bunge likapitisha sheria mwaka huo huo ya kuwataka waajiri wapime, malori na mabasi nayo yakaingizwa. Kwenye pombe, 0.04 ni kosa kamili, na ukisoma kati ya 0.02 na 0.039 unakaa pembeni masaa 24.

Kuna aliyeona mtu akirudi kazini baada ya kuanguka?

Dada Kituoni

Nimewaona. Ni safari ndefu na wengi huikatia tamaa. Mwajiri akimwondoa dereva lazima ampe orodha ya washauri wa matatizo ya dawa na pombe wanaotambuliwa, hata kama hana mpango wa kumrudisha. Mshauri anamtathmini, anampa mafunzo au tiba, anamtathmini tena. Kisha kipimo cha kurudi, na hicho mtu wa jinsia yake anasimama anatazama mkojo ukitoka mwilini. Baada ya hapo vipimo visivyopungua 6 ndani ya miezi 12, na mshauri anaweza kuvuta hadi miaka 5. Kosa linakaa kwenye Clearinghouse miaka 5, na kama hajamaliza hatua zake linazidi hapo.

Tangu tarehe 18 Novemba 2024 jimbo lenyewe linamnyang'anya CDL aliye kwenye orodha ya waliozuiwa. Zamani mtu alihama kampuni akaendelea kimyakimya. Sasa anaendelea na Uber, nayo kwa bahati.

Kijana Mgeni

Mimi napokea lori mwezi ujao, nitaendesha mwenyewe. Nianze wapi?

Mtoto wa Ngamiani

Wakala kwanza, kabla ya mzigo. Fungua akaunti Clearinghouse kama mwajiri, useme humo kwamba dereva ni wewe mwenyewe, na umtaje wakala wako. Nunua utafutaji, ni dola 1.25 mmoja, na jitafute mwenyewe, hata kama inachekesha. Kisha rudia kila mwaka. Na wewe pia ni dereva mpya wa kampuni yako, kwa hiyo upimwe na majibu hasi yawe kwenye faili kabla ya safari ya kwanza.

Dada Kituoni

Na siku hiyo usipitie msalani kabla hujafika kituoni.