Naomba ushauri: mafua na kuruka kwa parachuti mara ya kwanza

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Niko Nakuru, nina kilo 91, na Jumamosi ijayo nimelipia kuruka Diani nikiwa nimefungwa kifuani mwa mkufunzi. Shida ni mafua. Yamenishika tangu Jumatatu, sikio la kushoto limeziba.

Ndege itapanda futi 10,000 hivi, kisha tuporomoke karibu nusu dakika kwa kasi ya kilomita 200 kwa saa kabla parachuti haijafunguka. Kupanda si neno, hewa ya sikioni hujitokea yenyewe. Kushuka ndiko kwenye shughuli: mrija unaounganisha sikio na koo ukivimba hewa hairudi, ngoma ya sikio inavutwa ndani. Nimejaribu kubana pua na kupuliza polepole; la kulia linalia "tik", la kushoto kimya. Juzi matatu ikiteremka kutoka Kericho kwenda Ahero liliuma, na mteremko ule ni wa mzaha ukilinganisha.

Pili, wakati wa kutua sharti miguu iinuliwe mbele, magoti yamenyooka, mkufunzi atangulie kugusa chini. Nikikaa ukingoni mwa kiti nainua sekunde tano tu, mapaja yanatetemeka.

Naomba kuuliza:

Sikio likizibuka Ijumaa, inatosha, au nisogeze tarehe? (Dawa ya kuzibua pua naiogopa, isije ikaisha nguvu angani.)

Na je, mnaruhusiwa kuvuta suruali chini ya magoti kwa mikono kusaidia miguu? Mikanda ya mapajani haizuii?

Asanteni.