Kagera 1978–79: baada ya kuikomboa ardhi yetu, haki ya kuendelea hadi Kampala ilitoka wapi?

Ngarama

Wakuu, habari za jioni. Kila vita vinapozuka mahali na taifa moja likasema limechokozwa, lazima lipige, hapa hatukosi mtu wa kutaja Kagera kama mfano wa vita vya haki visivyo na doa. Tunauazima sana mfano huu bila kuukagua. Naomba tuukague.

Sehemu ya kwanza sina ugomvi nayo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka wa Tanzania. Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kati ya mpaka na mto Kagera, zaidi ya kilomita za mraba 1,800, sasa ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka juu ya mto huo likalipuliwa. Kuwatoa ulikuwa wajibu, na hapo hakuna mjadala.

Swali langu linaanzia Januari 1979, ardhi ikiwa imesharudi. JWTZ, jeshi letu, iliingia Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, Februari ikachukua Masaka na Mbarara, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Haki ya kujilinda inaishia kilomita ya ngapi? Na tupime kwa kipimo gani? Naomba hoja, kaulimbiu tunazijua.

WakiliMtaa

Ngarama, umegusa penyewe. Kwanza tutenganishe taifa lenye uadui na taifa lililokushambulia. Uadui peke yake hauhalalishi hata risasi moja. Amin alikuwa adui wa Tanzania tangu alipompindua Rais Obote wa Uganda Januari 1971, akatukana na kutisha miaka yote hiyo, na hakuna sheria iliyompa Nyerere ruhusa ya kumfuata kwa sababu ya matusi. Februari 1976 alidai hadharani sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya. Kenya ilijibu kwa kubana mizigo ya Uganda iliyopitia Mombasa, na Amin akalegea. Dai la mdomo dawa yake ni hiyo. Likishageuka vifaru ndani ya ardhi yako, unakuwa umeingia ukurasa mwingine.

Ukurasa huo ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Ibara ya 2(4) inakataza matumizi ya nguvu, ya 51 inamruhusu aliyeshambuliwa kujilinda. Ndani ya ruhusa hiyo kuna vipimo viwili: ulazima na ulinganifu. Wengi hukosea hapa kwa kudhani ulinganifu maana yake kifaru kwa kifaru, maiti kwa maiti. Sivyo. Nguvu unayotumia inapimwa kwa lengo lake, yaani kulizima shambulio na kuzuia lisirudiwe kesho. Ukishalifikia lengo hilo, kila hatua ya ziada inadai sababu yake yenyewe.

Tunayo hukumu ya kupimia, na inatoka ukanda huuhuu. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kesi ya Kongo dhidi ya Uganda. Uganda ilisema ilikuwa inajilinda dhidi ya waasi wanaovuka mpaka. Mahakama ikasema kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakulingani na mashambulio ya aina hiyo. Mwaka 2022 Uganda ikaamriwa kulipa dola milioni 325.

Tukiileta fimbo hiyo Kagera, kuna tofauti tatu zinazoinusuru Tanzania kwa kiasi. Lililovuka mpaka lilikuwa jeshi la dola lenyewe, tena likatangaza kuimega nchi. Pili, njia nyingine ilijaribiwa: Nyerere aliwaambia wapatanishi wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kwamba Amin alaaniwe kwa uvamizi, aache dai lake la Kagera na alipe fidia. OAU, ambayo tangu Cairo 1964 ilikuwa imeapa kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru, haikumlaani. Tatu, Libya ilileta askari wake kumpigania Amin, kwa hiyo tishio lilizidi kukua wakati usuluhishi unaendelea.

Kwa maoni yangu, hadi Masaka na Mbarara Ibara ya 51 inabeba. Kampala haibebi.

Ramani_na_Dira

Wakili, sheria umeipanga vizuri, lakini umekata mstari mahali ambapo kijeshi hapakatiki.

Anza na Mutukula. Kutoka Kyaka hadi pale ni kama kilomita 30, na upande wa Uganda kuna miinuko inayotazama nyanda za Kagera. Mzinga ukikaa juu pale unapiga wananchi wanaojaribu kurudi mashambani. Kusimama mtoni au mpakani na kusema "tumemaliza" kulikuwa ni kuwarudisha watu chini ya mtutu. Kwa hiyo Mutukula ni ulinzi, tena ulinzi wa kawaida kabisa.

Masaka na Mbarara ndiko zilikotoka barabara mbili za kuletea majeshi mpakani. Ukizishika, adui hana pa kujikusanyia. Mpango wa awali uliishia hapo: kuipiga miji hiyo, kisha kuwaachia Waganda wenyewe wamwangushe Amin. Lakini jeshi lililosimama ndani ya nchi ya mtu lina tatizo la tumbo. Risasi na chakula vilitoka Dar kwa reli hadi Mwanza, vikavuka ziwa hadi Bukoba, vikapanda malori, mengi yakiwa yamechukuliwa kwenye mashirika na kwa watu binafsi, vikavuka Kyaka kwenye daraja la muda, ndipo vikashika barabara. Mnyororo mrefu namna hiyo huwezi kuuacha umening'inia miezi sita ukisubiri maasi ya raia yatokee. Ama unasonga ama unarudi.

Lukaya, mji mdogo kati ya Masaka na Kampala, ndiyo iliyoamua. Machi 10 Walibya na askari wa Amin walishuka na barabara inayopita kwenye mabwawa, wakakikuta kikosi chetu cha mbele, Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo, nacho kikarudi nyuma kwa vurugu. Kesho yake Brigedi ya 208 ilikuwa imezunguka ikatokea nyuma yao upande wa Kampala, ikawabana katikati. Kama tungekuwa tumesimama Masaka bila akiba ya kuzunguka, mapigo hayo yangetusukuma hadi mpakani. Libya ikaja na kauli ya mwisho kwamba Tanzania iondoke, na ndege yake ikajaribu kuipiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama.

Adui anayeongezewa nguvu kutoka nje kupitia uwanja wa ndege wa Entebbe hadhibitiwi ukiwa Masaka. Unaufunga uwanja wenyewe. Entebbe ilichukuliwa Aprili 7.

Na msisahau ulinganifu unaonekana pia kwenye kile ulichojizuia kufanya. Wakati wa kuingia Kampala barabara ya mashariki kuelekea Jinja iliachwa wazi kwa makusudi ili Walibya waondoke. Jeshi lenye nia ya kulipiza kisasi halimwachii mtu njia.

MwanaMasaka

Ndugu zangu, mimi ni Mganda, na siwezi kumlilia Amin. Lakini mkihesabu, hesabuni pande zote. Mutukula iliposhikwa ilibomolewa na raia wakauawa, hadi Nyerere mwenyewe akatoa amri kwamba raia na mali zao waheshimiwe. Ni sawa kumsifu kwa amri ile, lakini ilitolewa baada ya maiti. Masaka nayo ilipigwa mizinga na majengo yakalipuliwa kama kisasi cha Kagera. Kisasi hakimo katika Ibara ya 51.

Pia mikono ya Tanzania haikuwa myeupe kabisa. Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivuka kutoka ardhi yenu kuja kumpindua Amin, ndipo ndege zake zikapiga Bukoba na Mwanza. Mkataba wa Mogadishu, Oktoba mwaka huohuo, ulizitaka pande zote mbili zisogeze majeshi kilomita 10 kutoka mpakani na ziache kuwabeba wapinzani wa mwenzake. Obote aliendelea kuwa mgeni wenu. Hilo halimpi Amin haki ya kuichukua Kagera, ila linapunguza sauti ya anayedai alikuwa amekaa kimya tu kwake.

Kosa kubwa zaidi ninaloliona ni la maandalizi. Mkutano wa Moshi wa kuunda serikali ya UNLF, umoja wa Waganda waliompinga Amin, ulifanyika Machi 24 hadi 26, Kampala ikaanguka wiki mbili baadaye. Polisi hawakuwepo na mji uliporwa kwa siku nyingi. Rais mpya, Lule, alikaa siku 68 akaondolewa, Binaisa akafuata, naye akaondolewa Mei 1980. Ukaja uchaguzi wa Desemba 1980 ambao matokeo yake yalibishaniwa, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Aliyetaka kuhalalisha kumwondoa mtawala alitakiwa aje na orodha ya polisi kabla ya orodha ya mawaziri.

Ngarama

Ahsanteni. MwanaMasaka, nimeipokea. Wakili, swali dogo: kwa nini basi Tanzania haikusema wazi kwamba inakwenda kuwaokoa Waganda? Mauaji ya Amin yalijulikana dunia nzima.

WakiliMtaa

Kwa sababu ingefungua mlango ambao Afrika yote iliuogopa. Tanzania ilishikilia kwamba kuna vita viwili: vya Tanzania kuzima uvamizi na kujilinda, na vya Waganda kumwondoa dikteta wao. Kisiasa ilikuwa hoja ya busara. Kiuhalisia ina tundu, maana Lukaya, Entebbe na Kampala mzigo mkubwa ulibebwa na JWTZ. Ndiyo maana katika mkutano wa OAU Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania hadharani.

Hoja ya uokoaji ilikuja kupata kiti baadaye. Sheria ya Kuunda Umoja wa Afrika ya mwaka 2000, Ibara ya 4(h), inaruhusu Umoja kuingia nchini kukiwa na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Soma vizuri: Umoja, kwa uamuzi wa Mkutano wa wakuu wa nchi. Jirani mmoja kwa hiari yake bado haruhusiwi.

MwanaMasaka, kuhusu Masaka nakubaliana nawe, na ninaondoa kauli yangu kwamba Ibara ya 51 inaubeba mji ule wote. Inabeba kuuteka. Kuulipua baada ya kuuteka haikubebi.

Ramani_na_Dira

Niongeze na gharama, kwa sababu anayepiga hesabu ya vita huisahau. Gharama inakadiriwa kuwa dola milioni 500, kwa nchi ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977 na bei ya mafuta ikapanda 1979. Tuliambiwa tufunge mikanda miezi 18. Jeshi halikuondoka Uganda hadi 1981, na miaka hiyo miwili ya kulinda mji wa watu nayo ililipiwa na Hazina yetu.